MAKANISA YA KANDO YA MTO DANUBE: UZURI ULIOZALIWA NA MAAFA

Wahenga walisema tembea uone. Ndugu msomaji, ukibahatika siku moja kupanda zile meli ndefu za watalii zinazoteremka Mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, mwendo wa kilomita 300 hivi, utaona jambo la ajabu. Karibu kila mji meli inapofunga gati, mbele yako pana kanisa. Tena si kanisa hivi hivi! Ni dhahabu, marumaru na malaika waliojaa darini. Mtindo huo wa ujenzi huitwa baroki, nao ulianzia Roma yapata mwaka 1600. Wengi hudhani ni majivuno ya matajiri tu. Pesa zilikuwepo, kweli, lakini hadithi haiishii hapo.

Tuanze na Passau. Hapa mito mitatu hukutana: Danube, Inn na Ilz. Hapo kale chumvi ililetwa kwa mashua kupitia Mto Inn, mji ukatajirika. Kumbe mwaka 1662 moto ukazuka, ukateketeza karibu mji wote na kuliharibu vibaya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Je, wenyeji walikaa wakilia? La hasha! Alipewa kazi fundi Mwitaliano, Carlo Lurago, na ujenzi mpya ukaanza mwaka 1668. Leo humo ndani mna kinanda chenye bomba zaidi ya 17,000.

Mto wenyewe nao si wa kuaminiwa. Juni 2013 maji yalipanda karibu mita 13, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana hapo tangu mwaka 1501. Alama za mafuriko ya zamani zimechorwa kwenye ukuta wa jumba la baraza la mji, ili vizazi visisahau.

Ukiendelea na safari utafika Melk. Watawa Wabenedikto wameishi juu ya mwamba huo tangu mwaka 1089. Mwaka 1702 walianza kuijenga upya nyumba yao, msimamizi akiwa Jakob Prandtauer. Alifariki mwaka 1726 kabla kazi haijaisha, na mpwa wake Joseph Munggenast akaiendeleza. Msafiri aliye majini huyaona majengo hayo ya rangi ya manjano kutoka mbali.

Sasa, mbona mapambo mengi hivyo? Kanisa Katoliki lilikuwa limepoteza waumini wengi kwa Waprotestanti, likataka kuwavuta tena kwa macho na masikio. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hivyo dari likawa kitabu chao. Mafundi walikuwa wajanja si haba. Katika kanisa la Wajesuiti huko Vienna, Andrea Pozzo alichora kuba ambayo haipo! Dari ni bapa kabisa, lakini ukisimama palipowekwa alama sakafuni, waona kuba ndefu inayopaa juu. Sogea kando kidogo, nayo yaonekana kupinda.

Vienna pia kuna Karlskirche. Mwaka 1713 tauni iliua maelfu ya watu mjini. Kaisari Karl wa Sita akaweka nadhiri: ugonjwa ukiisha, atajenga kanisa la Mtakatifu Karolo Boromeo, aliyewahudumia wagonjwa wa tauni kule Milan. Ujenzi ulianza mwaka 1716 ukaisha mwaka 1737. Sisi tulioonja Korona mwaka 2020, shule zikafungwa, twaielewa nadhiri ya namna hiyo.

Basi, wanachama wenzangu, jengo zuri lisikupumbaze kwa dhahabu yake. Jiulize: watu hawa walipatwa na nini hata wakajenga hivi? Ukipata jibu, umeisoma historia ya mji ule bila kufungua kitabu.