Katikati ya Jiji la Tanga: Usalama Hutokana na Watu

Sisi tunaoishi Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki, tunashuka Tanga kuuza mazao, kutibiwa Bombo, kufuatilia shughuli za mkoa, na kusali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni wa Padua wakati wa maadhimisho ya jimbo. Hivyo usalama na uchangamfu wa katikati ya jiji hilo si jambo la wakazi wake pekee. Mama aliyechelewa kumaliza biashara, giza likamkuta mjini, anataka kujua njia ipi ina taa na wapi pana watu.

Umbo la Tanga lenyewe lina historia yake. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara mwaka 1893, na mji ukakua ukiwa umegawanyika. Kati ya reli na bahari zikawekwa ofisi, benki na maghala. Ng'ambo ya pili ikakua Ngamiani, yenye barabara zinazoitwa kwa namba. Mgawanyiko huo unaonekana hata leo. Ofisi zikifungwa, upande wa bahari hunyamaza mapema, kwa sababu wengi huenda huko kufanya kazi, si kulala. Ngamiani watu wanaishi, na barazani wapo wazee, kahawa na bao.

Baraza si pambo la nyumba. Mwandishi wa Marekani, Jane Jacobs, alieleza mwaka 1961 kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya wanaouishi na kuutumia: mwenye duka, mpita njia, jirani aliye dirishani. Watu wa pwani walikuwa wakiyatenda hayo zamani, bila kuyaandikia kitabu. Dar es Salaam nayo, ilipoanzisha Mpango wa Miji Salama mwaka 1997 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilijifunza kuwasikiliza wanawake. Katika maeneo kama Manzese walipita mitaani wakionyesha mahali wanapoogopa na kueleza sababu: kichochoro kisicho na mwanga, jengo lililoachwa tupu. Mambo hayo anayajua anayetembea kwa miguu. Aliye ndani ya gari hupita asiyaone.

Hapa lipo jambo gumu, nalo ni la wamachinga. Mwaka 2021 Serikali iliagiza wafanyabiashara wadogo wahamishiwe maeneo maalumu katika miji yote. Nia ya kufungua njia za waenda kwa miguu ilikuwa na haki yake: mlemavu wa macho hawezi kupita juu ya meza za viatu, wala mzee hapaswi kusukumwa barabarani katikati ya baiskeli na bodaboda. Hata hivyo, muuza kahawa anapoondoka pembeni mwa barabara saa moja usiku, huondoka pia na taa yake na macho yake. Kwa maoni yetu, njia ibaki wazi mchana, na jioni baadhi ya mitaa ya ofisi itengewe wauza vyakula kwa utaratibu unaojulikana, pamoja na vyoo na mapipa ya taka. Kuwapanga watu ni kazi ngumu kuliko kuwaondoa, lakini ndiyo inayohitajika.

Nabii Zekaria alipotangaza kurejezwa kwa Yerusalemu hakuanza na kuta. Alisema juu ya wazee wenye mikongojo wakiketi katika njia za mji, na watoto wakicheza humo. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maeneo ya pamoja ya mji yatunzwe ili watu wajisikie wako nyumbani.

Matumaini haya tunayashiriki na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi Tanga, na mahali pa kuyapeleka ni mkutano wa mtaa. Jumuiya Ndogo Ndogo za mjini zinaweza kwenda huko na orodha fupi: taa ipi haiwaki, kichochoro kipi kinaogopwa, kuanzia saa ngapi. Kwetu Maramba, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu, na njia ya kutoka sokoni jioni inastahili kuwekwa katika ajenda hiyo hiyo.