Uchaguzi wa mapema: dawa au kujichimbia kaburi?

Tarehe 22 Mei 2024, Waziri Mkuu wa Uingereza, Rishi Sunak, alisimama nje ya ofisi yake akatangaza uchaguzi huku mvua ikimlowesha suti. Angeweza kungoja hadi Januari 2025. Hakungoja. Tarehe 4 Julai chama chake cha Conservative, kilichoshinda viti 365 mwaka 2019, kikabaki na 121.

Watu wakasema, si angesubiri tu? Hebu tulitazame vizuri.

Kenya, Katiba imeshapanga: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Uingereza, waziri mkuu ndiye humwomba mfalme avunje bunge, wakati wowote ndani ya miaka 5. Ni sawa na kujipangia tarehe ya mtihani wako mwenyewe. Nani hapa chuoni angekataa?

Lakini James Callaghan wa Labour alisubiri. Wengi walitarajia aitishe uchaguzi mwishoni mwa 1978, akaahirisha. Baridi ikaja na migomo, takataka zikarundikana mitaani, hadi wachimba makaburi wa Liverpool wakagoma. Machi 1979 serikali yake ikaangushwa bungeni kwa kura moja, 311 kwa 310. Mei, Margaret Thatcher akaingia.

Basi kuwahi ndiyo dawa? Theresa May aliwahi mwaka 2017, tena akiwa mbele kwenye tafiti za maoni. Akashuka kutoka viti 330 hadi 317, akapoteza wingi bungeni.

Aliyefaulu ni Boris Johnson, Desemba 2019. Naye alikuwa hoi: hana wingi, na mpango wake wa kuitoa nchi Umoja wa Ulaya umekwama. Ila alienda kwa wananchi na swali moja lililoeleweka: tutoke au tuendelee kuvutana?

Kwa maoni yangu, chama kilichochoka kijiulize mambo mawili. Je, bado kinaweza kupitisha sheria? Na kina swali gani la kuwauliza wananchi? Kama bunge limekwama na swali lipo, kiende. Kama kinakimbia tu hali isizidi kuwa mbaya, tarehe haitakiokoa.

Na kama bado kina uwezo wa kutawala, kifanye kazi. Chama kikikaa kuhesabu miezi, anayeumia si waziri, ni mgonjwa aliye kwenye foleni ya hospitali.