Joseph Ndolo: Jenerali wa Ukambani Ambaye Stori Yake Iko Karibu Kupotea

Oktoba 20, 2025, Mashujaa Day ilifanyika Ithookwe, Kitui. Sasa uliza mbogi yako ikutajie mashujaa wa Ukambani. Watasema Syokimau, watasema Muindi Mbingu, halafu kimya. Ni wachache watakutajia Meja Jenerali Joseph Ndolo, na huyo mzee ndiye Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi la Kenya.

Ndolo ni nani, na mbona stori yake imepoa hivi? Tulia nikupe rada.

Tuanze na Keya. Hivyo ndivyo wazee waliita King's African Rifles, jeshi la mkoloni. Wazungu walipenda sana kuandika Wakamba, wakidai eti ni watu waliozaliwa wanajeshi. Lakini wasee walikuwa na sababu zao: mvua haiaminiki, kodi ya mkoloni haingoji, na mshahara wa jeshi unaingia kila mwezi. Ndio maana ukienda ocha Kitui ama Makueni, si ngumu kupata boma ambayo babu yao alipigana Burma kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Hata 1938, Muindi Mbingu alipoongoza watu hadi Nairobi kudai ng'ombe waliochukuliwa kwa nguvu, serikali ililegeza kamba. Ilijua hao watu wana ndugu na vijana wao jeshini.

Shida ni kwamba Mwafrika angepigana, angepata medali, lakini hakuruhusiwa kuwa ofisa. Miaka ya 1950 wakaundiwa cheo cha effendi: uko juu ya sajini, lakini bado uko chini ya Mzungu aliyefika juzi. Uofisa kamili ulikuja uhuru ukiwa mlangoni. Hiyo ndiyo ngazi Ndolo alipanda.

Na uhuru wenyewe haukubadilisha kambi usiku mmoja. Januari 1964, wiki kama sita tu baada ya bendera kupandishwa, askari wa Lanet, Nakuru, waliasi. Maofisa wengi walikuwa bado Waingereza. Ndolo alipokabidhiwa Jeshi la Nchi Kavu 1966, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika. 1969 akachukua ukuu wa majeshi yote kutoka kwa Mwingereza, Meja Jenerali Bernard Penfold.

Halafu 1971 ikafika, na mambo yakaenda segemnege. Kundi la watu lilishtakiwa kwa kupanga kupindua serikali ya Mzee Kenyatta. Gideon Mutiso, mbunge wa Yatta, alifungwa miaka 9 na nusu. Jina la Ndolo lilitajwa kwenye kesi hiyo. Juni akajiuzulu. Kitili Mwendwa wa Kitui, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, naye pia akaachia kiti mwaka huo huo. Lakini shika hii: Ndolo hakushtakiwa. Hakuna korti iliyompata na hatia, na hakuna korti iliyomsafisha. Aliishi na hiyo doa hadi 1984, alipofariki kwenye ajali ya barabarani.

Ndio maana kuhifadhi stori yake ni kazi ngumu. Jackson Mulinge wa Kathiani, aliyetoka Keya kama yeye, alikuja kuwa Mkuu wa Majeshi 1978 na jina lake halikufifia hivyo. Ndolo akabaki sentensi moja: yule wa mapinduzi. Miaka yake yote ya kazi imefunikwa na mwezi mmoja.

Na kuhifadhi si kumwosha. Ni kukusanya ushahidi wote, mtamu na mchungu, ili mtu aamue akiwa na habari.

Hapo ndipo wewe unaingia. Kwanza, kuna masanduku ya bati huko kwa susu. Ndani kuna picha, barua na cheti cha kuachishwa jeshi. Medali nyingi za Vita ya Pili zilitolewa bila jina la mwenyewe, kwa hivyo ikitengana na cheti chake, inabaki kipande cha chuma tu. Usiuze. Piga picha zote pamoja, mbele na nyuma, andika ni za nani na zilitoka wapi.

Pili, rekodi wazee. Waliotumika chini ya Ndolo miaka ya 1960 sasa wako kwa themanini huko na zaidi. Simu yako inatosha. Uliza kambi gani, mwaka gani, nani alikuwa mkubwa wao. Hayo ndiyo maswali yanayoweza kuhakikishwa baadaye.

Tatu, ingia Kumbukumbu za Taifa, pale Moi Avenue unapongojea mathree kila siku. Kuna faili za ma-DC wa Kitui na Machakos tangu ukoloni. Kumbuka Makueni ilikuwa ndani ya Machakos hadi 1992, kwa hivyo ukitafuta Makueni ya zamani, itisha faili za Machakos.

Nne, tuna Sheria ya Mashujaa ya 2014 na Baraza la Mashujaa. Kaunti ama familia ikitaka Ndolo atambuliwe, lazima ije na makaratasi, si kelele za X.

Kwa hivyo ukienda ocha Desemba hii, kabla nyama haijaiva, muulize susu lile sanduku liko wapi.