Hesabu Iliyobandikwa Ukutani

Kila ifikapo mwezi wa Machi, ndugu wasomaji, bahasha moja huingia katika kila nyumba ya mji huu, ya tajiri na ya maskini. Ni bili ya kodi ya halmashauri. Wengi wetu huitazama tarakimu ya mwisho tu, tukaguna, tukaibandika kwenye mlango wa friji kwa ile sumaku yenye picha ya Kilimanjaro, basi. Lakini katika karatasi hiyo hiyo mna mistari midogo ambayo twawaomba muisome mwaka huu: kiasi gani kinakwenda polisi, kiasi gani zimamoto, kiasi gani kimeongezwa kwa ajili ya matunzo ya wazee. Mtozaji anamweleza mtozwa, kabla hajaipokea fedha yake, anakokwenda nayo.

Sisi tuliopata kufundisha katika shule za kwetu miaka ya themanini, mistari hiyo hatuipiti hivi hivi. Twakumbuka kijiti kimoja cha chaki kilivyokatwa vipande kwa madarasa mawili, wazazi wakichangishwa madawati, na mwalimu mkuu akipanda lori kwenda wilayani kuulizia mafungu ya shule. Alirudi kila mara na jibu lile lile: hayajafika. Yalikuwa kiasi gani, na yalikwama kwa nani, hapakuwa na mmoja wetu aliyejua. Hatukuweza kudai, kwa kuwa hatukujua tunadai nini.

Jirani zetu wa Uganda waliwahi kulipima jambo hili kwa tarakimu, na kisa chao chastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali yao iliongeza fedha za elimu ya msingi, lakini takwimu za wanafunzi hazikuonyesha mabadiliko yoyote ya maana. Mwaka 1996 watafiti wakatumwa katika shule 250 za serikali, wilaya 18, wakiwa na swali moja jepesi: katika ruzuku ambayo Hazina imeitoa kwa kila mwanafunzi, mbali na mishahara ya walimu, ninyi mmepokea shilingi ngapi? Wakalinganisha daftari za shule na vitabu vya Hazina kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Jibu likawa kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shilingi 13 tu ndizo zilizoifikia shule. Shule nyingi hazikupata hata senti. Na zilizopata, aghalabu zilikuwa kubwa, za wazazi wenye uwezo, yaani zile zilizokuwa na mtu wa kwenda wilayani kugonga meza.

Tazameni sasa dawa iliyotumika. Wizara ya fedha ilianza kuchapisha magazetini, mwezi kwa mwezi, kiasi kilichopelekwa katika kila wilaya. Baadaye shule nazo zikaagizwa kubandika ukutani, mahali mzazi anapoweza kusoma, kiasi zilichopokea. Karatasi na gundi! Kufikia mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zikifika shuleni, na watafiti waliona kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti zilinufaika zaidi kuliko zilizokuwa mbali.

Tusitie chumvi. Wako wataalamu waliosema baadaye kwamba tangazo peke yake halikufanya kazi hiyo yote. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilibadili njia nyingi za kupeleka fedha, na mwaka 1997 ikaanzisha elimu ya msingi kwa wote, hata nchi nzima ikawa inazitazama shule. Twakubali. Lakini hata wao hawakusema kwamba kubandika kulikuwa kazi bure. Mwalimu mkuu aliyeiona tarakimu yake gazetini alikwenda wilayani akiwa mtu mwingine kabisa.

Na sisi wenyewe twaijua siri hii, ila tunaitumia kwa fedha zetu za mfukoni tu. Nani kati yetu hajawahi kutuma nyumbani fedha za saruji na nondo, kisha akaenda likizo akaukuta msingi ule ule, na mbuzi wa jirani wamelala ndani yake? Tangu siku hiyo hatutumi awamu ya pili mpaka tuone picha ya ukuta na stakabadhi ya duka. Mpwa ananuna, shemeji anasema tumekuwa Wazungu, na nyumba inapanda. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, ambaye kodi hukatwa katika mshahara wake kila mwezi, hajawahi hata siku moja kuiomba serikali stakabadhi.

Mtatuambia kwamba kwetu wako wakaguzi. Naam, wako, na kazi yao twaiheshimu. Tanzania, kwa ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilisha taarifa yake kwa Rais, nayo ikapelekwa Bungeni. Kenya, Katiba ya 2010 yataka ukaguzi ukamilike ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, tena useme si tu kama fedha zilitumika kisheria, bali kama zilitumika kwa manufaa. Hayo ni maneno mazuri mno. Lakini taarifa ya mkaguzi huja fedha zikiwa zimekwisha kuliwa, ni ya kurasa mamia, na mama wa kijijini haoni humo zahanati yake. Mkaguzi naye ni binadamu mwenye ajira. Mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilipitisha azimio la kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, kwa neno moja, "dhaifu", alilolitumia juu ya Bunge hilo katika mahojiano ya redio huko Marekani. Novemba mwaka huo muhula wake ukaisha na hakuongezewa mwingine. Ndiyo maana twaamini kwamba mkaguzi mmoja kule juu hatoshi. Wanahitajika wengi wadogo wadogo huku chini, kila mmoja na tarakimu moja ya kuilinda.

Wala msidhani nchi hii ni pepo. Katika England, tume iliyosimamia ukaguzi wa halmashauri ilivunjwa mwaka 2015, na kazi ikazorota hata kufikia Septemba 2023 halmashauri na taasisi 5 tu kati ya 467 zilikuwa na hesabu za mwaka zilizokaguliwa kwa wakati. Novemba 2024 mkaguzi mkuu wa Uingereza alikataa kutoa kauli juu ya hesabu za jumla za serikali nzima, kwa kuwa hesabu za halmashauri nyingi hazikuwa za kutegemewa. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea.

Hata hivyo iko haki ambayo wengi wetu hatuijui. Kwa sheria ya mwaka 2014, halmashauri za England hufungua vitabu vyake kila mwaka kwa siku 30 za kazi, aghalabu kiangazi, na mwenye kuhusika na hesabu hizo aweza kuviona pamoja na ankara zake. Aliyeandikishwa kupiga kura mahali hapo aweza pia kumwandikia mkaguzi pingamizi. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana kura hiyo mpaka wapate uraia.

Kiangazi kilichopita tuliijaribu. Mwajua ukumbi tunaofundishia watoto Kiswahili kila Jumamosi, na mwajua paa lake. Tulikuwa tumeambiwa kwamba fedha za matengenezo hazipo na huenda ukumbi ukafungwa. Tulikwenda watatu, tukawekewa mafaili mezani na kijana mmoja mpole, na saa ya pili tukakuta ankara mbili za ukarabati wa paa, zimeandikwa kwa jina la ukumbi wetu. Fundi wa paa hatujamwona pale kwa miaka sita. Kijana alizisoma mara mbili, akavua miwani, akaomba wiki tatu. Barua ilikuja Septemba: paa lililotengenezwa lilikuwa la jengo jingine, limeandikwa kwetu kwa makosa, na fungu letu lilikuwa bado lipo. Hatukumwita mtu mwizi, wala hatuna sababu ya kumwita. Novemba mafundi walikuja. Upande wa jukwaa bado twaweka ndoo mvua ikizidi, na juu ya hilo tumekwisha andika barua nyingine.

Tangazo la mwaka huu litakapotoka tutalinakili katika toleo letu, pamoja na siku na anwani ya ofisi. Tunahitaji watu wanne, ikiwezekana mmoja aliyesomea uhasibu. Mje na miwani yenu. Maandishi ni madogo, na chai hawatoi.