Matembezi mepesi, historia nzito: Nenda Shimoni na familia

WAHENGA walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Hata hivyo, ukimuuliza mtoto wa mjini alitembea wapi likizo iliyopita, huenda akakujibu kwamba alipelekwa Mombasa, akaogelea, akapanda ngamia ufuoni, akanunuliwa madafu, kisha akarudi nyumbani. Ukimuuliza alijifunza nini, atabaki kukutazama tu.

Si kosa la mtoto. Wengi wetu tunapofika Pwani huishia pale mchanga ulipo mweupe. Hatujui kwamba ukiendelea kusini, kuelekea mpaka wa Tanzania, kuna mapango, magofu na vijiji vya kale ambavyo waweza kuvizungukia kwa miguu kwa siku mbili tu, bila kupanda mlima wowote wala kununua vifaa vya bei ghali. Nyanya mwenye mkongojo ataweza sehemu kubwa ya safari hii, na mtoto wa darasa la pili pia.

Lakini nakuonya mapema, mpenzi msomaji. Miguu haitachoka, ila maswali ya watoto yatakuwa mengi. Jiandae.

Njia ya kufika

Shimoni iko yapata kilomita 80 kusini mwa Mombasa, katika Kaunti ya Kwale. Ukitoka Nairobi kwa gari moshi au kwa basi, utavuka Likoni kwa feri. Mwenye gari lake asiyetaka foleni ya kivukoni anaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu. Kutoka Likoni, panda matatu za kuelekea Lunga Lunga. Utapita Ukunda, Gazi, Msambweni na Ramisi, kisha uteremke kwenye njia panda ya Shimoni. Hapo zitakuwa zimebaki kilomita zipatazo 15, na bodaboda hazikosekani.

Afadhali ulale huko huko Kwale usiku wa Ijumaa ili Jumamosi uamkie matembezi. Jambo la kwanza asubuhi, waulize wenyeji habari za maji: yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi? Kwa mtu wa bara hilo huenda likaonekana jambo dogo, lakini huku ndiyo saa ya kila shughuli. Bila kujua maji, hutajua wakati wa kupanda mashua wala wakati wa kutembea.

Vaa viatu vya raba au kandambili zenye mikanda ya nyuma, kwani mawe ya matumbawe hukata. Chukua maji ya kunywa, kofia na tochi moja kwa kila watu wawili. Kina mama na wasichana wasisahau leso, na wanaume wasitembee vijijini kifua wazi. Hivi ni vijiji vya Waislamu wenye heshima zao, na mgeni mwema hujulikana kwa mavazi kabla ya kufungua kinywa.

Ndani ya shimo

Jina Shimoni limetokana na shimo lenyewe. Pango liko hatua chache kutoka gatini, na linasimamiwa na wanakijiji. Utalipa kiingilio, utapewa kijana wa kukuongoza, kisha mtateremka chini ya mizizi ya miti inayoning'inia kama kamba.

Ndani kuna ubaridi na unyevunyevu. Mwanga huingia kupitia matundu ya juu, na popo hulalama wanaposikia sauti za watu. Mwambie mtoto aangalie dari: miamba iliyochongoka kuelekea chini imejengwa na maji, tone kwa tone. Mwamba wote huo hapo kale ulikuwa matumbawe ya baharini. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Iliposhuka, matumbawe yakaachwa nchi kavu, na maji ya mvua yakayala polepole hadi yakatoboka mapango. Mwanafunzi wa jiografia akiliona hilo kwa macho yake, hatalisahau katika mtihani.

Somo la historia ni gumu zaidi. Wazee wa Shimoni husimulia kwamba zamani pango hili lilikuwa kimbilio. Watu walijificha humo pamoja na watoto wao walipovamiwa, hasa na Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe. Palikuwa pia mahali pa tambiko. Kisha, katika karne ya 19, kimbilio likageuka gereza. Waliotekwa bara waliletwa humo wakafungwa minyororo, wakisubiri majahazi ya kuwapeleka Unguja. Kiongozi atakuonyesha mabaki ya vyuma yaliyomo ukutani, na hapo kelele za watoto hukatika ghafla.

Mwaka wa 1873, Sultani Barghash wa Unguja alishinikizwa na Waingereza akatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Biashara yenyewe haikuisha siku hiyo. Iliendelea kwa njia za nchi kavu na za magendo kando ya pwani, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka wa 1907. Piga hesabu, mzazi. Huo si wakati wa Nuhu. Ni wakati wa mababu wa babu zetu.

Hapo ndipo mtoto atakuuliza: "Baba, ni nani aliwauza?"

Usimjibu kwa pupa, na usimfiche. Mwambie kwamba wengi walitekwa na Waafrika wenzao katika vita na uvamizi. Mwambie kwamba misafara iliendeshwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na kwamba matajiri wa Unguja waliikopesha fedha. Mwambie pia kwamba wanunuzi walikuwa wenye mashamba ya karafuu, minazi na nafaka, wakiwemo Wazungu waliolima miwa katika visiwa vya Bahari Hindi. Kisha mwonyeshe kijana anayewaongoza, umweleze kwamba huyu hakumfunga mtu yeyote. Katika vijiji hivi vya pwani, wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga wameoana kwa miaka mingi, na leo wanakula sahani moja.

Ukitoka pangoni, tembea polepole kijijini. Shimoni ilikuwa kituo cha kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888, na baadaye ikawa kituo cha serikali ya kikoloni. Jengo moja la zamani la utawala huo limefanywa makumbusho ya utumwa chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mzunguko wote huu, pamoja na pango, hauzidi asubuhi moja.

Kisiwa kisicho na magari

Mchana, vuka mlango wa bahari uende Wasini. Ni safari fupi kwa mashua, lakini usiingie chomboni kabla ya nahodha kuwapa jaketi za kuokolea maisha, hasa watoto. Akisema si lazima, mtafute nahodha mwingine.

Wasini hakina magari, na jambo hilo pekee litamfurahisha mama aliyezoea kumshika mtoto mkono kila anapovuka barabara. Njia ni nyembamba, zinapita kati ya nyumba za mawe na kuta za makuti. Wenyeji ni Wavumba, ambao Kivumba chao ni lahaja ya Kiswahili. Sikiliza wazee wakizungumza nawe utasikia maneno ambayo hayamo katika vitabu vya shule. Mji mkuu wao wa kale ulikuwa Vumba Kuu, karibu na Vanga, na watawala wao waliitwa Madiwani. Hapa Wasini pamebaki magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na kwenye kaburi moja la mnara palitiwa vipande vya vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mwulize mwanafunzi wako sahani ya Mchina ilifikaje hapa. Atakapotaja pepo za msimu, kaskazi na kusi, ujue safari imelipa nauli yake.

Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe, ambapo miamba mikubwa imesimama nchi kavu katika maumbo ya kila aina. Kina mama wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu yake, na ada ya kuingia ni mapato yao. Wakati wa bamvua bahari huingia hadi chini ya mbao hizo. Maji yakipwa utaona kaa wakikimbilia mashimoni. Tembea juu ya mbao tu, na usivunje jiwe hata dogo la kupeleka nyumbani.

Wenye miguu mizima wanaweza kuendelea hadi kijiji cha Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa. Njia ni tambarare ingawa ina mawe, na ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Wengine wabaki kijijini wale kaa, samaki na wali wa nazi. Ila kumbuka kuwa kwa vizazi vingi watu wa kisiwa hiki wametegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika mabirika. Usimwage maji ya mwenyeji wako kana kwamba uko kando ya mto.

Fikirini, kisha Gazi

Jumapili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, pitia Fikirini, kijiji kilicho karibu na Shimoni chenye mapango yajulikanayo kama Madada Watatu. Hapa usiende bila mwenyeji. Mahali hapa pana heshima ya mizimu, na ndani kuna popo wengi sana. Waambie watoto wasiwapigie kelele wala kuwamulika usoni, na wasiguse kinyesi chao. Popo hao hula wadudu wengi kila usiku, wakiwemo waharibifu wa mazao, na hawadai malipo.

Ukirudi Mombasa, teremka Gazi, yapata kilomita 50 kabla ya kufika Likoni. Hapa ndipo alipokuwa na makao yake Sheikh Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui. Ukoo huo ulitawala Mombasa hadi mwaka wa 1837, ulipong'olewa na Sayyid Said. Mbaruk aliasi mara kadhaa dhidi ya Masultani wa Unguja, na katika vita vya 1895 na 1896 alipigana na Waingereza. Aliposhindwa alikimbilia upande wa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka wa 1910. Nyumba yake imetumika kwa miaka mingi kama sehemu ya shule.

Mtoto aliyetoka pangoni jana atauliza swali jingine: je, Mbaruk alikuwa mtu mwema? Wako wanaomheshimu kama shujaa aliyekataa kutawaliwa na wageni, na kweli alikataa. Lakini mashamba ya Gazi enzi hizo yalilimwa na watumwa, na hilo pia ni kweli. Mwache mtoto ayabebe yote mawili. Ajue mapema kwamba mtu anaweza kupigania uhuru wake huku akiwanyima wengine wao, na atawasoma mashujaa wote kwa makini zaidi, wa kale na wa leo.

Maliza matembezi kwenye mikoko. Kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya msitu huo, na kuitembea hakuchoshi. Tangu mwaka wa 2013, wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakiitunza mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha hizo zimesaidia shule na kuleta maji. Mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka wa 2017.

Adabu ya mgeni

Kila unapopita, anza kwa salamu. Ukimkuta mzee barazani, watoto waseme "Shikamoo" na wangoje "Marahaba" kabla ya kuuliza lolote. Usimpige mtu picha bila ruhusa yake. Usiingie msikitini wala kwenye gofu bila kuuliza. Na usimpunje kijana aliyekuongoza. Ukumbuke kwamba sehemu kubwa ya historia hii imo vichwani mwa watu, na hupokewa kwa masikio. Kijana akiona kwamba kusimulia habari za babu zake hakumpatii hata nauli, ataondoka kwenda mjini kutafuta kibarua. Mzee wake akifariki, pango litabaki, lakini litakuwa shimo tu.

Basi likizo ijayo, mpenzi msomaji, waache watoto waogelee, kwani bahari ni yao pia. Lakini watengee siku mbili za kutembea. Na usiku ule wa kurudi, kabla hawajasinzia kwenye viti vya gari, waulize walijifunza nini. Safari hii, nyamaza uwasikilize.