Kifo cha Kapteni Selous: namna ya kuchunguza mauti ya ofisa wa Kiingereza vitani

Tarehe 4 Januari 1917, mahali paitwapo Beho Beho, kaskazini ya mto Rufiji, Kapteni Frederick Courteney Selous wa batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers alipigwa risasi na askari wa jeshi la Kijerumani, akafa. Alikuwa mwindaji mashuhuri, mwenye umri wa miaka 65, umri ambao wanaume wengi hukaa barazani na wajukuu. Kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana, kifo chake chafaa kuwa mfano kwa mtu atakaye kujua jinsi mauti ya ofisa wa Kiingereza yanavyochunguzwa.

Mtafiti huanza na daftari la Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917. Humo hupatikana jina, cheo, kikosi, siku ya kufa na mahali pa kaburi. Selous alizikwa huko huko Beho Beho, na kaburi lake lipo hadi leo, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Zamani lilikuwa sehemu ya pori la akiba lililopewa jina lake mwenyewe. Baada ya hapo lafuata gazeti rasmi la serikali, London Gazette, ambalo hutangaza vyeo na nishani za maofisa. Selous alipewa nishani ya DSO mnamo Septemba 1916. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amerudishwa Uingereza kwa ugonjwa, akapasuliwa, kisha akarejea vitani kwa hiari yake.

Kazi kubwa imo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London. Kila kikosi kilichokuwa vitani kilipaswa kuandika shajara ya kila siku. Shajara hizo zimekusanywa chini ya alama WO 95. Ni maandishi makavu: mwendo, mvua, wagonjwa, waliokufa. Ukavu huo ndio faida yake, kwa maana mwandishi hakuwa na sababu ya kumpamba mtu. Mafaili ya maofisa yenyewe yamegawanywa katika WO 339 na WO 374. Yasitarajiwe kuwa kamili: sehemu kubwa ya kumbukumbu za utumishi iliteketea kwa mabomu ya mwaka 1940, na kilichobaki kwa kawaida ni barua, hasa zile zilizoandikiana Wizara ya Vita na jamaa wa marehemu juu ya mali na mirathi.

Mwishoni huja masimulizi, na hapa yafaa hadhari. Rafiki yake, J. G. Millais, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1918, majonzi yakiwa bado mabichi. Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, naye alimtaja kwa heshima katika kumbukumbu zake. Wapo wasemao risasi ilimpata kichwani, wapo wasemao kinywani. Hitilafu kama hiyo haimfanyi shahidi kuwa mwongo, ila humlazimu mtafiti kuuliza: nani alikuwapo, na nani alihadithiwa?

Katika masimulizi hayo hutajwa mtu mwingine, mbeba bunduki wa Selous, aitwaye Ramazani, ambaye husemwa kwamba alimlipizia bwana wake kisasi. Jina ni hilo moja tu. Halikuandikwa jina la baba wala la kijiji, na katika nchi za Waswahili akina Ramazani hawana idadi. Njia zote zilizotajwa hapo juu humfikisha mtafiti kwa kapteni; hakuna hata moja imfikishayo kwa Ramazani.

Wala si yeye pekee. Vita vile viliendeshwa kwa mabega ya wapagazi, upande wa Waingereza, wa Wajerumani, na wa Wabelgiji pia, ambao jeshi lao la Force Publique, likitoka Kongo, liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliotumikia dola ya Kiingereza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na labda wengine hawakukumbukwa kabisa. Uamuzi wa siku zile ulikuwa kuwajengea sanamu za pamoja. Ile ya askari iliyoko Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili yanayomwahidi apiganaye kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuchongwa.