Aliyetangulia Chuoni na Anayefuata

(MUZIKI: juu kidogo, kisha ushuke chini ya sauti)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe uliye sekondari, pamoja na mzazi au mlezi wako.

Kambini kwetu wapo vijana wachache waliofika chuo. Mmoja anasoma ualimu, mwingine uuguzi, mwingine uchumi. Chuo kikifungwa, wanarudi kwenye bloku walizokulia. Je, umewahi kukaa na mmoja wao ukamuuliza alipitaje?

Tumchukue anayesoma uchumi, akiwa mshauri wa wanafunzi wadogo katika kambi ya Kakuma, nchini Kenya. Anaweza kukusaidia kwa mambo matatu.

La kwanza ni hesabu. Asilimia ikikushinda darasani, atakupeleka sokoni. Mgao ukitoka, wengi huuza sehemu ya chakula, na bei hushuka. Tuseme kilo ya unga imeshuka kutoka shilingi 100 hadi 80. Imeshuka kwa asilimia 20. Ikirudi kutoka 80 hadi 100, imepanda kwa asilimia ngapi? Wengi hujibu 20. Jibu ni 25, kwa sababu sasa tunaanzia 80. Ukiielewa hiyo, mwenye duka hakupunji, na mtihani haukutishi.

La pili ni uamuzi mgumu. Tuseme una miaka 18, uko kidato cha tatu, na nyumbani chakula hakitoshi. Unataka kuacha shule ubebe mizigo kwa shilingi 200 kwa siku. Mshauri mzuri hatakugombeza, maana njaa ni ya kweli. Atachukua kalamu. Siku saba ni shilingi 1,400. Ukifanya kazi Jumamosi na Jumapili tu, ni 400. Kwa hiyo shule inakugharimu 1,000 kwa wiki. Wanauchumi huiita gharama ya fursa: kile unachokikosa kwa kuchagua kingine. Kisha atakuuliza: ukiacha shule, unakosa nini? Unakosa cheti cha kidato cha nne, na bila cheti hicho milango mingi ya chuo na kazi hubaki imefungwa. Hesabu hiyo hailishi familia leo. Lakini inakuonyesha kwamba kati ya kusoma na kuacha kabisa, kuna njia ya katikati, na mzazi anaweza kuiona pia.

(MUZIKI: sekunde tano)

La tatu ni habari. Wengi hukosa nafasi kwa kuchelewa kujua. Kwa mfano, Kenya huhitaji wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne ili uingie digrii. Alama za chini yake hufungua njia za diploma na vyeti. Upo pia mpango wa DAFI, unaofadhiliwa na Ujerumani na wengine kupitia UNHCR tangu mwaka 1992, ambao hulipia wakimbizi masomo ya chuo kikuu. Nafasi ni chache kuliko waombaji. Aliyetangulia anaweza kukwambia ni karatasi gani alidaiwa, na kwa nini jina lako liandikwe vilevile kwenye cheti na kwenye kitambulisho cha mkimbizi.

Sasa tahadhari. Mshauri hagawi ufadhili. Kuomba nafasi ya DAFI ni bure. Anayekudai pesa, au jambo lolote la siri, ili jina lako lipite, ni tapeli: ripoti kwa UNHCR. Mkutane mahali pa wazi, mkiwa kikundi, wazazi wakijua. Kwa wasichana, saa za mchana ni salama zaidi, na dada wa chuo akiwepo ni bora.

Wiki hii fanya hivi. Waulize walimu na kiongozi wa bloku: nani hapa yuko chuo? Kusanyeni wanafunzi watano au sita. Mwombeni saa moja kwa wiki wakati wa likizo, na mje na maswali yaliyoandikwa.

Nawe uliye chuo, usisubiri kuombwa. Kuna mdogo wako anayefikiria kuacha shule Jumatatu ijayo. Mtafute kabla ya siku hiyo.

MASWALI YA KIKUNDI: Katika bloku yenu, nini huwafanya vijana waache shule? Nani anaweza kukaa nao wakapiga hesabu pamoja?

(MUZIKI: juu, hadi mwisho)